Mwamba wa Kweli, Bunduki za Kweli

Ukitoka Los Angeles kuelekea kaskazini kuishika barabara namba 395, jiji linachukua muda mrefu kukuachia. Likishakuachia unaingia jangwa la Mojave, na kwa saa nzima huoni ila vichaka vya kijivu, nguzo za umeme na malori. Kisha safu ya Sierra Nevada inainuka wima upande wa kushoto, ina theluji kileleni hata siku ambayo huku chini lami inapumua joto. Yapata kilomita 340 kutoka jijini unafika Lone Pine, mji wa njia kuu moja, wenye wakazi elfu mbili hivi, uliokaa chini ya Mlima Whitney. Mlima huo una urefu wa mita 4,421, na ukiacha ile ya Alaska hakuna mrefu kuushinda Marekani nzima. Aliyezoea Kilimanjaro hatashtushwa na tarakimu hizo. Lakini Kilimanjaro hukukaribisha taratibu, kupitia migomba, kahawa na msitu. Huku mlima unaanza pale barabara inapoishia.

Katikati ya mji na mlima pana kitu nilichokifuata: Alabama Hills. Ni uwanda uliotapakaa majabali ya matale, mengine makubwa kama nyumba ya ghorofa, mengine yamebebana mawili mawili, mengine yametobolewa matao ambayo ukichungulia unaona kilele cha theluji katikati ya duara. Rangi yake ni ya kutu na asali. Mtu akiyatazama majabali haya ya mviringo chini ya vilele vile vilivyochongoka kama meno ya msumeno, atadhani ni miamba ya aina mbili na zama mbili. Ni mwamba mmoja. Kule juu barafu iliuvunja na kuuchonga. Huku chini ulilala ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa na kuula pembe zake zote, kisha udongo ukaondoka na kuuacha wazi kama unavyoonekana leo.

Hata jina la vilima hivi limetoka vitani. Katika miaka ya 1860 wachimba madini waliokuwa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliviita Alabama, kwa heshima ya meli ya kivita iliyokuwa ikizamisha meli za biashara za Kaskazini. Mwaka 1864 meli hiyo ikazamishwa nje ya pwani ya Ufaransa na manowari ya Kaskazini iliyoitwa Kearsarge. Wachimbaji wa upande wa pili hawakuliacha hilo lipite: ukienda mbele kidogo bondeni utakuta mlima na njia ya milimani vinavyoitwa Kearsarge.

Sasa nieleze kwa nini mtu wa Afrika Mashariki asafiri mpaka huku kutazama mawe. Wazee wetu waliojaza majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa waliyajua mawe haya bila kujua jina lake. Waliyaona nyuma ya stelingi, akiwa juu ya farasi, bastola kiunoni, akimsubiri adui atokeze. Filamu ya kwanza kubwa iliyopigwa hapa ni The Round-Up ya mwaka 1920, na tangu hapo zimefuata mamia. Kutoka Hollywood palikuwa mwendo wa siku moja, jua lilikuwa la uhakika, na ndani ya kilomita chache mpiga picha alipata jangwa, korongo, mto na theluji. Mfugaji mmoja wa hapa, Russ Spainhower wa ranchi ya Anchor, alizikodisha studio farasi, ng'ombe na magari ya kukokotwa, na mjini ikajengwa hoteli ya Dow katika miaka ya 1920, ikawa ndiyo makao ya waigizaji. Milima ya hapa ikajifanya Texas, ikajifanya Arizona, na mwaka 1939, katika Gunga Din, ikajifanya mpaka wa India.

Katika filamu za kauboi karibu kila kitu ni cha kujifanya. Mji ni kuta za mbele tupu zilizoegemezwa mbao. Damu ni rangi. Stelingi anayeruka kutoka kwenye farasi ni mtu mwingine aliyevalishwa nguo zake. Lakini vitu viwili havikuwa vya kujifanya kwa miaka mingi sana: mwamba aliojificha nyuma yake, na bunduki aliyoishika. Bunduki ile ilikuwa kuukuu kweli. Ilitengenezwa kiwandani wakati ambapo watu walikuwa bado wanaihitaji kwa maisha na kwa mauti, ikapita mikononi mwa mfugaji au askari au polisi, na ilipozeeka ikauzwa kwa bei ya chini, ikaishia kwenye kabati la studio, ikapewa kazi ya pili. Mimi naipenda Lone Pine kwa sababu ndiyo mahali ninapojua ambapo unaweza kusimama na kuviwaza vitu hivyo viwili pamoja.

Mwaka 1873 ni muhimu kuliko yote kwa mpenda filamu hizi. Mwaka huo kiwanda cha Colt kilitoa bastola yake maarufu ya risasi sita kwa ajili ya jeshi la Marekani, na mwaka huohuo Winchester ikatoa bunduki ya wenzo ambayo mtu angeweza kupiga risasi nyingi bila kujaza upya. Kabla ya silaha za namna hiyo ulimwengu ulikuwa wa gumegume, bunduki ya fataki na gobore la kushindilia, silaha ambazo bado wawindaji wa vijijini kwetu wanazijua, na ambazo zinampa adui nafasi ya kukufikia wakati wewe unahangaika na baruti na mdeki. Sifa ya Winchester ilivuka bahari mapema. Henry Morton Stanley alipochukua mamia ya wapagazi Unguja mwaka 1887 na kwenda nao Kongo kumtafuta Emin Pasha, msafara wake ulibeba bunduki za Remington pamoja na za Winchester. Na Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kwenda kuwinda, alikuwa na Winchester ya toleo la 1895.

Niliishika Colt ya zamani hapahapa Lone Pine, wakati wa tamasha la filamu linalofanyika kila Oktoba. Mzee mmoja mkusanyaji wa silaha aliilaza juu ya kitambaa cha sufu, akahakikisha mbele yangu kwamba ni tupu, kisha akanikabidhi. Uzito wake ni kilo moja hivi, na wote uko mahali panapostahili, kwa hiyo mkono hauhisi kubeba bali kuelekeza. Rangi ya samawati nyeusi iliyopakwa kiwandani ilikuwa imekwisha mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda, pale ilipokuwa ikisugua ala ya ngozi mwaka baada ya mwaka. Shikio lilikuwa la mbao, nalo limelainika upande wa kiganja kuliko upande wa nje. Chini ya shikio palikuwa na namba ndogo iliyochongwa kwa mkono, na mzee alisema ni namba ya kabati la studio.

Alinionyesha nyundo inavyovutwa. Ukiivuta polepole kwa kidole gumba unasikia milio minne, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ni chuma kikiingia kwenye kijino chake. Katika sinema sauti hiyo husikika kabla ya mtu kuuawa, nami nilikuwa nimeisikia mara nyingi tangu utotoni, lakini sikujua kwamba inasikika pia kwenye mifupa ya mkono. Kisha akafungua kijilango kidogo upande wa kulia wa silinda. Risasi huingizwa hapo moja moja, na maganda hutolewa hapohapo moja moja kwa kusukumwa na kijiti kilicho chini ya mtutu. Mtu mwenye akili alijaza tano tu na kuiacha nyundo ilale juu ya tundu tupu, kwa kuwa bastola ikianguka na nyundo imelalia risasi, inaweza kufyatuka yenyewe. Ukilijua hilo unaanza kuzitazama filamu kwa jicho jingine. Stelingi anayepiga risasi kumi na mbili bila kujaza hajawahi kukaa mbele ya kijilango kile mikono ikimtetemeka.

Winchester ya sinema, kwa kweli, mara nyingi si ile ya 1873. Ni ya 1892, kazi ya John Moses Browning, na hapa ndipo hadithi ya silaha za studio inaponoga. Ile ya 1892 ni fupi, nyepesi na imara. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo studio zilipoanza kununua zilikuwa zimejaa sokoni na bei yake ilikuwa ndogo. Ikaingia mikononi mwa kila mtu. John Wayne, ambaye aliigiza Alabama Hills katika miaka ya 1930 kabla jina lake halijawa kubwa, aliipa umaarufu mpya katika Stagecoach ya 1939, akiwa na yenye wenzo uliopanuliwa ili aweze kuizungusha kwa mkono mmoja. Chuck Connors aliizungusha ya kwake kwenye televisheni katika The Rifleman, ambayo hadithi yake ni ya miaka ya 1880. Steve McQueen alikuwa na iliyokatwa mtutu na kitako mpaka ikavaliwa kiunoni kama bastola, na kwenye mkanda wake zikapangwa risasi kubwa za bunduki nyingine kabisa, kwa sababu zilipendeza zaidi kwenye kamera. Katika The Comancheros ya 1961 hadithi ni ya mwaka 1843, na bado Winchester za 1892 na Colt za 1873 zinalia kutoka mwanzo hadi mwisho, miaka thelathini na hamsini kabla hazijazaliwa.

Kuna watu wanaokasirishwa na hayo, na naelewa hasira yao, kwa maana mtoto anayejifunza historia kwenye sinema atajifunza uongo. Lakini kwangu kosa la tarehe ni jambo dogo likilinganishwa na ustadi wa mafundi waliolifunika. Jeshi la Marekani lilipoachana na bunduki yake ya Springfield, ile ya risasi moja ambayo kifuniko chake hufunguka juu kama mlango wa sakafuni, bunduki hizo ziliuzwa kwa maelfu. Mfanyabiashara Francis Bannerman wa New York alijenga utajiri wake kwa kununua mabaki ya silaha za namna hiyo, hasa baada ya vita vya Marekani na Hispania vya 1898. Studio zikanunua. Kisha fundi akachukua Springfield, akaibandika pembeni mtambo wa gumegume wa bandia, wenye jiwe na kila kitu, na mwanajeshi wa mwaka 1776 akapata silaha inayopiga kila inapoambiwa, hata mvua ikinyesha. Winchester ya 1892 ikahitajika kuwa bunduki ya Henry ya mwaka 1860. Fundi akaivua mbao ya chini ya mtutu, akapaka ubavu wake rangi ya shaba, na kwa mbali ikawa Henry. Ukishaambiwa utaziona kila mahali.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilipitia duka moja. James Stembridge, mwanajeshi wa zamani, alianza mwaka 1920 kukodisha silaha kwa watengenezaji filamu, kwa ushirikiano na Cecil B. DeMille, na ghala lake likawa ndani ya uwanja wa studio ya Paramount. Filamu ikiisha, silaha ilirudi, ikahesabiwa, ikasafishwa, ikangoja filamu nyingine. Kwa hiyo bastola moja ingeweza kuwa ya mkuu wa polisi mwezi huu na ya mwizi wa ng'ombe mwezi ujao, na huenda mkono wa kauboi wa filamu Hopalong Cassidy na wa adui yake umelainisha shikio lilelile.

Kilichowezesha yote hayo ni risasi baridi iliyobuniwa kwa ajili ya sinema, inayojulikana kama tano-kwa-moja. Tatizo lake la asili ni rahisi kuelewa. Kwenye kambi ya filamu kuna bastola za kaliba tatu tofauti na bunduki za kaliba mbili, farasi wanangoja, jua linashuka, na msaidizi anatafuta risasi ya kila silaha. Ganda la tano-kwa-moja lilipewa umbo linaloingia kwenye zote. Halina kichwa cha risasi, ni baruti na kizibo tu. Hutoa moto, moshi na mlio. Farasi walizibwa masikio kwa pamba. Jioni, wakati waigizaji wakirudi hotelini Dow kula, fundi silaha alibaki na ndoo ya maji ya moto, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi yakilala usiku mmoja ndani ya mtutu yanaanza kula chuma. Nikisimama kwenye barabara ya vumbi iitwayo Movie Road, huyo ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko stelingi.

Risasi baridi nayo si kitu cha kuchezea. Kizibo chake kwa karibu kinaweza kujeruhi na hata kuua, na pale inapochanganyika na risasi ya moto hakuna tena sinema. Tarehe 21 Oktoba 2021, New Mexico, kwenye mazoezi ya filamu ya kauboi iitwayo Rust, bastola iliyotengenezwa Italia kwa mfano wa Colt ilikuwa na risasi ya moto ndani yake. Mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na mwongozaji wa filamu akajeruhiwa. Baada ya hapo fundi silaha wa filamu hiyo alihukumiwa kifungo. Yule mzee wa tamasha alilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, huku akifungua tena kijilango cha bastola ambayo sote wawili tulikuwa tumeshaiona kuwa tupu, na kuzungusha silinda tundu kwa tundu.

Bonde hili lenyewe limeziona bunduki za moto, na itakuwa kulivunjia heshima nikilisifu bila kusema. Kabla ya wafugaji na wachimbaji, wenyeji wake walikuwa Wapaiute, waliokuwa wakielekeza maji ya vijito kwenye mbuga zenye mizizi na mbegu walizokula. Ng'ombe walioletwa mwaka 1861 walikula chakula hicho. Njaa ikaleta wizi wa mifugo, wizi ukaleta risasi, na mwaka 1862 jeshi likapiga kambi hapa. Mwaka uliofuata karibu watu 1,000 walikusanywa na kuswagwa kwa miguu mpaka Fort Tejon, mbali kusini. Wengi walirudi baadaye kwa ukaidi wao, na wajukuu zao wako Lone Pine mpaka leo, kwenye ardhi yao iliyotengwa kando ya mji. Filamu zilizopigwa mbele ya macho yao zilijaa Wahindi Wekundu wa kubuni, wanaoanguka kwenye farasi kila kauboi anapofyatua, na hadithi ya bonde lenyewe hazikuigusa. Hilo nalihesabu kuwa hasara kubwa kuliko Winchester zote zilizowekwa katika mwaka usio wake.

Halafu kuna Manzanar, kilomita kama 15 kaskazini ya mji. Kati ya 1942 na 1945 serikali ya Marekani ilifungia hapo zaidi ya watu 10,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa kuzaliwa wa Marekani, nyuma ya seng'enge na minara ya walinzi. Desemba 1942 askari waliufyatulia risasi umati wa watu waliokuwa wakilalamika, na vijana wawili wakafa. Miaka hiyohiyo, mwendo mfupi tu kutoka hapo, filamu za Hopalong Cassidy zilikuwa zikipigwa kwa risasi baridi. Leo mnara mmoja umejengwa upya na mabanda machache yamesimamishwa, na ndani ya jumba la kumbukumbu majina ya waliofungwa yameandikwa kwenye kitambaa kikubwa kinachoning'inia. Nenda Manzanar kwanza, kisha urudi Alabama Hills. Utaitazama bastola ya sinema kwa adabu zaidi.

Katika waongozaji wote waliofanya kazi hapa, aliyeyaelewa mawe haya kuliko wengine ni Budd Boetticher. Kati ya 1956 na 1960 alitengeneza hapa filamu nne na Randolph Scott: Seven Men from Now, The Tall T, Ride Lonesome na Comanche Station. Ni filamu fupi, za fedha kidogo, za watu wachache. Hakuna mji wa kuchomwa moto wala jeshi la kuja kuokoa. Kuna mwanamume wa makamo, uso wake umekauka kama ardhi anayopita, na kuna majabali. Boetticher alijua kwamba hapa mtu hawezi kuonekana mkubwa kwa kuwekwa juu; anakuwa mkubwa kwa kuwekwa peke yake. Katika Seven Men from Now, Lee Marvin ni mwovu anayezipenda bastola zake mbili kupita kiasi. Anafanya mazoezi ya kuzichomoa peke yake huku akitabasamu. Anapokufa katikati ya mawe, uso wake ni wa mtu asiyeamini kwamba mikono yake imemwangusha. Sijaona filamu nyingine iliyosema mengi hivyo juu ya mapenzi ya binadamu kwa silaha, na imeyasema kwa dakika chache.

Filamu ya kuongezwa ni Nevada Smith ya 1966. Humo Steve McQueen ni kijana anayetaka kulipiza kisasi cha wazazi wake, naye anakutana na muuza bunduki wa kutembeza, nafasi iliyochezwa na Brian Keith. Muuza bunduki anamfundisha kijana kuchagua bastola, kuipima mkononi, kuisafisha, na anajaribu sana kumfundisha kutoitumia. Kwa mara moja silaha inatendewa kama chombo chenye fundi na gharama, haitoki tu kiunoni kama mkono wa tatu.

Mjini, upande wa kusini wa njia kuu, kuna jumba la makumbusho ya filamu za kauboi lililofunguliwa mwaka 2006. Tenga nusu siku. Kuna matandiko ya farasi, mavazi, mabango ya zamani, gari la Plymouth la mwaka 1937 kutoka High Sierra ya Humphrey Bogart, na lile gari la daktari wa meno lenye jino kubwa juu ya paa kutoka Django Unchained. Wageni wengi hukimbilia kupiga picha na hilo jino. Mimi nilisimama kwa muda mrefu mbele ya matandiko, nikitafuta mahali bunduki iliponing'inia, ambapo ngozi ina rangi iliyokoza kidogo.

Bunduki kuukuu za kweli zimekaribia kustaafu. Sababu mojawapo ni thamani: Winchester iliyouzwa kwa dola chache wakati wa Stembridge leo ni mali ya mnadani, na hakuna mtu mwenye akili atakayeitupa kwenye mawe ili tukio lipendeze. Umaarufu wa filamu zenyewe ndio uliozipandisha bei. Mwaka 1950, studio ya Universal ilipokuwa ikiitangaza Winchester '73 ya James Stewart, iliwaomba Wamarekani watafute majumbani mwao bunduki adimu za toleo lile maalumu linalosimuliwa kwenye filamu, na kweli zikaanza kujitokeza kwenye madari na makabati ya watu. Colt nayo, ambayo kiwanda kilikuwa kimeacha kuitengeneza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilirudishwa kiwandani mwaka 1956 kwa sababu televisheni ilikuwa imewafanya watu waitake upya. Siku hizi silaha nyingi za filamu za kauboi hutoka mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, katika viwanda kama Uberti na Pietta ambavyo vimejenga jina kwa kunakili hizo za zamani. Ni kazi safi, chuma chao ni kizuri. Kinachokosekana ni ule ulaini wa shikio upande wa kiganja, na mwigizaji mzuri huutambua ukosefu huo kabla ya kamera.

Mwamba, kwa bahati, haukodishwi wala haupigwi mnada. Tangu mwaka 2019 Alabama Hills ni eneo la mandhari linalolindwa kwa sheria ya taifa, na kuingia ni bure. Unachukua barabara ya Whitney Portal kutoka katikati ya mji, unakata kulia kwenye Movie Road, na hapo kwenye kona kuna jiwe la kumbukumbu lililozinduliwa mwaka 1990 na Roy Rogers, ambaye filamu yake ya kwanza kama nyota ilipigwa hapa mwaka 1938. Mbele yake lami inakwisha. Chukua maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, na picha mbili tatu za filamu unazozipenda, ama zimechapishwa ama ziko kwenye simu. Kazi ya siku ni kulitafuta jabali lililo kwenye picha: unasogea hatua kushoto, unarudi nyuma, unachuchumaa, mpaka ufa wa kwenye picha na ufa ulio mbele yako vinakutana. Vinakutana kweli. Miaka sabini haijahamisha hata kokoto kubwa, na mahali kamera iliposimama unaweza kuweka mguu wako.

Kiangazi usijaribu, joto ni kali. Masika ya huku, Aprili na Mei, maua huchipua kati ya mawe na theluji bado iko juu. Lakini Oktoba ndiyo bora, kwa sababu ya tamasha: waelekezi wa kujitolea huwapeleka wageni kwenye maeneo ya filamu moja moja, filamu zenyewe huonyeshwa kutwa, na wakusanyaji huja na silaha zao na subira ya kueleza. Mji ni mdogo na vyumba ni vichache, kwa hiyo aliyenuia aandike nafasi yake miezi kadhaa kabla.